Bwawa Lililomngoja Jagdip

Jumamosi asubuhi nampeleka binti yangu Selly Oak, hapa Birmingham, kujifunza kuogelea. Mimi hukaa kwenye benchi la wazazi na koti langu mwilini, miguu nimeikunja chini nisirushiwe maji. Kila mlango wa ukumbi ule unapofunguliwa, harufu ya klorini hunipiga puani kabla hata sijayaona maji. Wazazi wengine hulalamika kwamba inawawasha macho. Mimi inanirudishia mzee mmoja wa Kisumu, kilemba cha zambarau kichwani, suruali imekunjwa mpaka magotini, ameshika mti mrefu wenye wavu mwishoni, anazunguka bwawa ambalo halina mtu ndani.

Mimi sijui kuogelea. Nimekulia karibu na bwawa kuliko mtoto yeyote niliyesoma naye, uzio mmoja tu wa mbao kati yetu, na mpaka leo maji yakinifika kifuani natapatapa.

Tulihamia Great Barr, mtaa wa pembeni mwa Birmingham, kutoka Uholanzi: mimi, mdogo wangu Liban, mama na baba. Wazazi wangu ni Wasomali waliolelewa Nairobi. Nyumbani tuliongea Kisomali, na sisi watoto tulishaanza kujibizana kwa Kiingereza cha shule. Kiswahili kilikuwa lugha ya mama ya kugombezea. Akikasirika kwelikweli, Kisomali hakikumtosha, akarudi mtaani kwao Pangani. Siku chache tu baada ya kuhamia, Liban alipanda juu ya pipa la taka achungulie kwa jirani. Mama alikuwa anaanika nguo. Akapiga ukelele: "We! Shuka hapo, nisije nikakushusha kwa masikio!"

Sauti ya mwanamume ikauliza kutoka upande wa pili wa uzio, "Mama, wewe iko Mkenya?"

Mama akabaki na shati la baba mkononi, linachuruzika maji kwenye viatu vyake. "Nani huyo?"

"Mimi Balbir. Mtoto ya Kisumu. Wacha kijana aangalie, mama, hapa hakuna siri. Iko maji tu."

Mama aliliacha shati kwenye kamba likiwa na kibanio kimoja, akaenda kusimama kwenye uzio. Waliongea mpaka nguo nyingine zikanuka ndani ya beseni. Sikuelewa hata nusu ya maneno, lakini nilimsikia mama akicheka kicheko ambacho sikukijua, kirefu, cha tumboni, kama cha msichana. Kiswahili changu hiki ninachokiandika nilikianza siku ile, nimesimama nyuma ya sketi yake nikisikiliza.

Sisi watoto tulimwita Anko. Alikuwa mjane; picha ya mkewe ilitundikwa ukutani jikoni, imevishwa shada la maua ya plastiki. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha vipuri vya magari, na bwawa lile alilichimba mwenyewe, yeye na marafiki zake wa kiwandani, kila mwisho wa juma. Mama alipomuuliza jina la mtoto wake, akasema Jagdip, na tangu hapo mama akamwita Baba Jagdip, kama desturi ya kwao. "Jagdip yuko wapi?" mama aliuliza. "Kanada," akasema. "Atakuja."

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipoanza kupotea njia.

Mwishoni mwa kiangazi cha kwanza Anko aligonga mlango wetu. Alisema baridi inakaribia, lazima bwawa lifungwe, na mgongo wake hauwezi tena kulivuta turubai peke yake. Baba alikuwa safarini na lori lake, pengine akipita kwenye ile barabara kuu ya M6 tuliyokuwa tukiisikia ikinguruma nyuma ya nyumba mchana na usiku. Mama alivaa mabuti ya mpira ya baba, akafunga sketi kiunoni, akasema, "Twende."

Kufunga bwawa si kutandaza kitu juu yake ukaenda zako. Nilidhani hivyo mwanzoni. Anko alianza kwa kuopoa majani yote, kisha akasugua kuta kwa brashi ndefu, kisha akamwaga klorini kali iliyotufanya tukohoe, akaiacha pampu iyazungushe maji mpaka yakawa maangavu kiasi kwamba uliweza kuhesabu vigae vya chini. Halafu akapunguza maji, yakashuka chini ya kile kidirisha cha ukutani ambacho pampu hunyonyea uchafu. Akafungua pampu, akaimwaga maji yake. Akachomeka mashine ya kupuliza hewa kwenye mabomba, na kazi yetu mimi na Liban ikawa kulala kifudifudi ukingoni na kupiga kelele tukiona mapovu yanatoka.

"Imetoka! Imetoka!"

"Imetoka yote? Angalia sana," Anko alisema. "Maji ikibaki ndani ya bomba, baridi inakuja, inakuwa barafu, barafu inavimba, bomba inapasuka. Halafu Jagdip akija anakuta matope."

Mabomba yakishatoa mapovu matupu aliyaziba kwa vizibo vya mpira. Kisha zikaja chupa. Mwaka mzima alikusanya chupa za plastiki za maziwa. Tulizitia mchanga kidogo zisimame wima majini, tukazifunga vifuniko, tukazielekeza katikati ya bwawa kwa fimbo kama bata. Alinieleza kwamba barafu ikivimba itazibana chupa badala ya kuzibana kuta. Liban aliongeza mpira wake wa miguu uliokwisha upepo nusu, akalia alipoambiwa utakaa pale mpaka majira ya kuchipua.

Turubai lilikuwa la kijani kibichi, zito, likinuka ukungu. Mama alishika kona zake upande mmoja, Anko upande wa pili, wakatembea sambamba kando ya maji, na mimi nikilinyanyua katikati kwa mti wa wavu lisizame. Tuliligandamiza kingo zake kwa mifuko ya mchanga. Maji yakapotea. Ua mzima ukaonekana mdogo ghafla.

Baadaye tulikaa jikoni kwake. Alitukaangia muhogo, akaupaka chumvi, pilipili na limau, na mama akachemsha chai yenye tangawizi. Anko alikula, kisha akasema, kama anayejisemea, "Jagdip hakuwahi mwaka hii. Mwaka ujao atakuja."

Ndani ya kibanda cha pampu, kwenye msumari, kulitundikwa kaptura ndogo nyekundu ya kuogelea yenye mstari mweupe pembeni, na miwani ya maji ambayo mpira wake umekauka. Niliviona siku ile ile. Kaptura ilikuwa ya mtoto wa kimo changu. Kwa hiyo nikajua: Jagdip ni mvulana wa rika langu, anaishi Kanada na ndugu fulani, na baba yake anamngoja. Hakuna mtu aliyeniambia vinginevyo, na mimi sikuona sababu ya kuuliza. Ushahidi ulikuwa umetundikwa pale.

Miaka iliyofuata nilimtengeneza Jagdip kichwani kipande kwa kipande. Niliamua kwamba ni mwembamba, anapenda biskuti za tangawizi, na anajua kubana pumzi chini ya maji kuliko mtu yeyote. Nilipoingia darasa jipya, na yeye aliingia. Nilipong'oka jino, nilijiuliza kama lake limeshaota. Liban alimwogopa, akiamini kwamba siku akija ataunyakua ule mpira. Mimi sikumwogopa; nilimwonea wivu. Mtoto gani ana bwawa lake, na baba wa kumsafishia, halafu hataki kuja?

Maana Anko alilifungua kila mwaka. Miti ikishaanza kutoa majani alitoa turubai, akaliosha, akaopoa chupa zetu zilizobonyezwa na barafu, akajaza maji, akapima klorini kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Kiangazi chote bwawa lilimeta pale kama sahani ya kioo, na hakuna aliyeingia. Yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Alituambia siku moja, amekaa kwenye kiti chake cha turubai ukingoni.

"Mimi mtoto ya Kisumu, ziwa kubwa kama ile, na sijui kuogelea," alisema. "Mama yangu alikuwa anaogopa kiboko. Kilabu ya wazungu ilikuwa na swimming, lakini sisi ilikuwa ni kuangalia kwa fensi tu. Wanaruka, wanacheka. Mimi nikasema, siku moja mtoto yangu ataruka hivyo, na mimi nitakaa kwa kiti naangalia."

"Na aliruka?" nikamuuliza.

"Aliruka sana!" Akapiga paja lake. "Kama samaki."

"Yuko darasa la ngapi?"

Anko alinitazama, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika goti. "Jagdip? Darasa kubwa sana, mama. Darasa kubwa sana." Halafu kicheko kikamwishia, akachukua wavu wake akaenda kuopoa jani moja lililokuwa upande wa mbali.

Kila kiangazi alimwambia mama, "Leta watoto waogelee." Na kila kiangazi mama alijibu, "Tutakuja, Baba Jagdip, inshallah." Alisema hivyo kwenye uzio, alisema akimpelekea sahani ya wali, alisema siku ya Idi, mzee alipokuja kutupa mkono wa sikukuu. Mimi na Liban tukiwa tumejaa joto, nguo zimetuganda mgongoni, tulimsihi. Mama alitikisa kichwa. Nilidhani anaogopa tuzame. Siku nyingine nilidhani ni kwa sababu mimi ni msichana na ningeonekana miguu. Hakusema, na kwa mama, jambo asilolisema lilikuwa limekwisha.

Basi kazi yetu ikabaki ile ya kufunga. Nilijua kila hatua. Nilijua mlio wa pampu inayokaribia kukauka. Nilijua utelezi wa ngazi ya chuma tulipoitoa na kuipaka mafuta. Mwili wangu wote ulilijua lile bwawa isipokuwa kwa kuingia ndani yake.

Mwaka wa mwisho nilikuwa nimeanza shule ya sekondari, na akili yangu ilikuwa imeshaanza kuona kasoro. Kwa nini ile kaptura haikui? Lakini niliipeleka pembeni fikra hiyo, kama mtu anayefunga droo ili asione kilichomo.

Majira yalikuwa yanageuka. Tulikuwa tunangoja Anko aje kutuita kwa ajili ya turubai, na badala yake akaja na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mama Liban," alisema, "mimi nimeuliza kwa duka. Wanasema wasichana Waislamu wanavaa hii. Inafunika kila kitu, mpaka mguu, mpaka kichwa. Nimenunua yake kubwa kidogo, atakua."

Mama alifungua gazeti. Ilikuwa nguo ya kuogelea, nyeusi, yenye mikono mirefu na ua la bluu kifuani. Nilitamani kuirukia. Uso wa mama uliiva.

"Baba Jagdip, umejisumbua sana."

"Hapana sumbua. Maji iko."

"Asante. Mungu akuzidishie. Lakini sasa baridi imeshaingia, wataumwa kifua. Mwaka ujao, inshallah."

Anko alisimama kidogo akipangusa viatu vyake kwenye mkeka ingawa haingii. "Mimi naweza kuwasha hita," alisema.

Mama alicheka kicheko cha adabu, kile cha kumalizia maongezi, na Anko akacheka pia, akaondoka.

Kesho yake asubuhi mvuke ulikuwa unapanda nyuma ya uzio. Mimi na Liban tuliuona kutoka dirisha la chumbani, mweupe, unajikunja juu ya mbao kama sufuria kubwa imeinjikwa pale. Katika miaka yote tuliyokaa pale hita haikuwahi kuwashwa.

"Jagdip anakuja!" Liban alipiga kelele akishuka ngazi. "Mama, Jagdip anakuja kweli!"

Mama naye akaja dirishani. Alitazama ule mvuke kwa muda, akatabasamu. "Ee, kumbe ndiyo sababu ya kutaka kuwasha hita," akasema. "Maskini mzee. Atakuwa amepigiwa simu." Siku hiyo hiyo akakaanga mahamri, akayapanga kwenye sahani nzuri ya wageni, akanituma niyapeleke.

Anko alikuwa kwenye kiti chake, amevaa sweta mbili. Alipoona sahani alisimama haraka. Alitazama nyuma yangu, kwenye geti.

"Nyinyi mnakuja? Mama iko wapi?"

"Mama yuko nyumbani. Jagdip amefika?"

Aliniangalia, kisha akayaangalia maji. "Bado," akasema. "Jagdip bado. Lakini maji iko moto sasa. Weka mkono."

Nikapiga magoti, nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa moto kama ya kuoga. Mvuke ulinilowanisha kope. Nilikaa hivyo mpaka magoti yakaniuma, na yeye akasimama juu yangu.

"Umesikia?" aliuliza.

"Ni mazuri."

"Mwambie mama yako."

Nikaenda nikamwambia mama kama nilivyotumwa. Maji ni moto. Jagdip bado hajafika.

"Basi tusimsumbue," mama alisema. "Ana mgeni njiani."

Mvuke uliendelea kupanda siku kadhaa. Halafu asubuhi moja haukuwepo. Tulingoja agonge mlango kutuita kwa ajili ya turubai, hakugonga. Majani yakaanza kuanguka ndani ya bwawa na hakuna aliyeyaopoa. Mama alikuwa ameshaanza kusema kwamba jioni atakwenda kumjulia hali, na kabla jioni haijafika, gari la wagonjwa likasimama nje ya nyumba yake. Alikuwa ameanguka jikoni. Aliweza kuifikia simu, basi.

Mama alikwenda hospitali kila siku aliyoweza. Hakutuchukua. Alirudi na macho mekundu, akapika bila kuonja. Siku aliyorudi mapema, akavua viatu na kukaa kwenye ngazi na koti lake, tulijua bila kuambiwa.

Baada ya mazishi yake, ya kuchoma mwili kama desturi ya Masingasinga, ambayo mama alihudhuria amesimama nyuma kabisa, kengele ya mlango wetu ililia. Nikafungua mimi. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha. Mlangoni palikuwa na mwanamume mrefu, kilemba cheusi, ndevu zenye mvi mbili tatu kila upande wa kidevu, mabega yamelowa.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza chenye lafudhi ya hapa hapa Birmingham. "Mimi ni Jagdip, wa jirani."

Nikatazama nyuma yake kumtafuta Jagdip.

Siwezi kueleza vizuri kilichonipata. Niliendelea kutazama geti, barabara, gari lililoegeshwa, nikingoja mvulana ashuke. Yule mwanamume alidhani namwogopa, akarudi hatua moja. Mama akaja nyuma yangu, akafuta mikono, akamwita ndani, akampa pole kwa lugha zote alizokuwa nazo. Mimi nilibaki na mkono kwenye kitasa. Nilikuwa nimemlea mtoto kichwani kwa miaka, na sasa ameniaga bila kufika.

Jagdip alisema watu wa utabiri wa hali ya hewa wanatangaza barafu, na yeye hajui hata vifaa vya bwawa vinakaa wapi. "Mimi nilikuwa naruka tu ndani," alisema. "Kufunga alifunga yeye. Wazee wa hekaluni wameniambia nyinyi mlikuwa mnamsaidia."

Basi tukaenda, sisi watatu na yeye. Bwawa lilikuwa limetiwa weusi na majani. Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma mifupa. Mama aliongoza, na mimi nilimpa kila kitu kabla hajakiomba. Tuliopoa, tukasugua tulivyoweza, tukapunguza maji, tukapuliza mabomba. Liban alilala ukingoni peke yake. "Imetoka," alisema, bila kelele. Kwenye kibanda Jagdip aliiona ile kaptura. Aliishika kati ya vidole viwili.

"Nilikuwa naichukia hii," akasema. "Sikuwahi kupenda kuogelea. Nilikuwa naogelea kwa sababu yeye alikuwa anatazama."

Tulitoka tukaanza kukunjua turubai. Ndipo alipotugeukia, mimi na Liban, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Kwa hiyo nyinyi ndio watoto wenyewe. Kila Jumapili nikimpigia simu ananieleza habari zenu. Binti wa jirani anapiga mbizi kutoka upande wa kina kirefu. Kijana anaogopa lakini anajitahidi. Mnapiga kelele mpaka hawezi kusinzia kwenye kiti chake." Akanitazama mimi. "Ni wewe, siyo?"

Niliyatazama maji. Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika kona ya turubai kwa mikono yote miwili. Niliona akielewa kitu, sikujua ni nini, nilikiona tu kikimpitia usoni kama mtu anayekumbuka moto aliouacha umewaka jikoni.

"Ndiyo," mama alisema. "Ni hawa. Walimchosha sana baba yako."

"Na maji? Enzi zangu yalikuwa barafu hata kiangazi. Nililia kila nilipoingia."

Alikuwa ananiuliza mimi. "Yalikuwa moto," nikasema. "Alituwashia hita."

Jagdip akatikisa kichwa polepole, akacheka kidogo, kisha akajipangusa uso kwa mkono wenye matope. "Ndiyo maana sikuwa na haraka," akasema. "Mke wangu aliniambia nenda, nami nikasema mzee hana upweke. Ana watoto wa kuwatazama. Nitakwenda watoto wangu wakimaliza mitihani. Nitakwenda kazi ikipungua." Akainama, akashika kona zake. "Angalau bwawa halikukaa bure."

Wakaanza kutembea, mama upande huu na Jagdip upande ule, mimi katikati na mti wa wavu, na turubai likapita juu ya maji.

Nyumba iliuzwa mwaka uliofuata. Wenye nyumba wapya walilifukia lile shimo kwa kifusi na udongo, wakapanda nyasi. Mama hakuwahi kulizungumzia. Juzi juzi tu, mimi mwenyewe nikiwa mama, nilimuuliza kwa nini hakutuacha tuogelee hata mara moja. Alikuwa anapepeta mchele.

"Nilidhani anatukaribisha kwa adabu tu," alisema. "Bwawa lilikuwa la mtoto wake. Nikasema, akija akute watoto wa watu wameshaingia? Nilikuwa namhifadhia heshima yake." Akaokota jiwe, akalitupa. "Na yeye siku zote alidhani ni dini. Tungeulizana tu. Kiswahili tulikuwa nacho."

Sijui kama Anko angelifurahia bwawa lile zaidi ya alivyolifurahia kwa kutuota tukiwa ndani yake. Najaribu kufikiri kwamba ni sawa. Sifanikiwi. Nauona ule mvuke kila mara, siku kadhaa mfululizo, na yeye na sweta zake mbili amekaa kwenye kiti, akilitazama geti letu. Hakuwa anamngoja Jagdip wiki ile. Sote tulikuwa tunamngoja Jagdip isipokuwa yeye.

Siku ile ya turubai, kazi ilipokwisha, Jagdip alikataa chai. Alisema ana safari asubuhi. Tulimsindikiza mpaka kwenye gari alilolikodi, na kabla hajaingia akamgeukia mama, akainamisha kichwa ili macho yao yalingane.

"Alikuwa ananilaumu?"

"Hapana," mama akasema. Safari hii hakuhitaji kutunga. "Kila siku alisema utakuja."

Afadhali mama angemwambia kwamba alilaumiwa. Niliuona uso wa Jagdip. Aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, akashika usukani, na hakuwasha injini. Vioo vilianza kuingia ukungu. Liban alikuwa anatetemeka, akamvuta mama mkono turudi ndani.

"Subirini," mama alisema. "Hatumwachi mtu hivi."

Tukasimama ukingoni mwa barabara kwenye manyunyu, matope yametukauka mikononi, mpaka taa za gari zikawaka, na hata hapo mama hakusogea mpaka zilipokata kona.